Msitupe vioo vya rangi, natafuta chekundu kimoja

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa huu wa barua, najua wenzangu wanaandika mambo mazito, maji, barabara, mikopo, mimi nimekuja na shida ya kipande cha kioo. Kioo chekundu, kimoja tu. Huu mwezi wa tatu nakitafuta, nimeuliza mafundi wenzangu, nimeuliza wauza vyuma chakavu, nimetuma picha kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka moja wakanitoa, sasa nikaona bora nije gazetini maana gazeti wanasoma wazee, na vioo ninavyovitaka viko kwenye stoo za wazee.

Nijieleze kwanza. Mimi ni fundi vioo hapa Tanga, niko Ngamiani, kazi yangu ya kila siku ni hiyo hiyo ya mafundi wote, vioo vya madirisha, vya kabati, fremu za picha za harusi. Ila ninayo na kazi nyingine naipata mara moja moja, ya kuunga vioo vya rangi kwa mikanda ya risasi (risasi madini jamani, sio ya bunduki, nikisema hivi kuna watu wanashtuka), yani yale madirisha ambayo wengi mmeyazoea makanisani. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akikarabati madirisha ya kanisa, sasa marehemu, Mungu amrehemu, na yaliyobaki nimejifunza kwa kuharibu.

Sasa baada ya Idi akaja bibi mmoja kwa bajaji, kashika ndoo ya rangi ya lita 20 imefunikwa na kanga. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, ati wewe ndiye unayeshona vioo? Nikacheka, sijawahi kusikia mtu anashona vioo, ila ukifikiria si uongo, kazi yenyewe ni kukata na kuunga mishono kama fundi cherehani tu. Akafunua ndoo. Ndani vioo vitupu, bluu, kijani, njano, vingine vimekatika vingine vizima, vumbi la chokaa limeganda juu. Akaniambia vimetoka juu ya mlango wa nyumba ya baba yake kule mjini, familia imeiuza, mnunuzi anabomoa, na vibarua walikuwa wanavigonga na nyundo vidondoke chini, yeye kafika wamebakisha upande mmoja akawaambia subirini kwanza wanangu, akapanda mwenyewe kwenye stuli. Bibi wa miaka 70 na kitu huyo.

Alichotaka ni hiki: kidirisha cha juu ya mlango wa nyumba anayokaa sasa Chumbageni, kitengenezwe kwa vioo vya ndoo ile, na mchoro wake uwe kanga. Sio mchoro wa mtu kavaa kanga, hapana, kanga yenyewe, yani pindo lizunguke pembeni, mji katikati, na kwenye mji ikae korosho moja nyekundu. Ndo kile kitambaa alichofunikia ndoo, kanga ya mama yake, imepauka, jina lake nusu limefutika halisomeki. Akauliza na jina je, unaliweka? Nikamwambia bibi, maandishi kwenye kioo yanachorwa kwa rangi maalum halafu kioo kinachomwa kwenye tanuri, joto zaidi ya nyuzi 600, mimi tanuri sina, nikikuandikia kwa rangi ya dukani mwaka mmoja tu jua limeshafuta. Akasema basi acha, na kwenye kanga si limefutika vile vile.

Hapa niseme neno kwa wateja wa kazi kama hizi. Alinitumia vipimo kwa simu, kijana wake kapima kwa futi ya cherehani, 36 kwa 18. Sikukata hata kipande. Nilipanda baiskeli nikaenda mwenyewe, nikapima juu, kati na chini, juu inchi 36 kweli, chini 35 na nusu, maana ukuta wa zamani hauko sawa na hakuna ukuta ulio sawa. Unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, nafasi inayobaki utaijaza puti. Halafu kingine ambacho picha ya simu haikuonyeshi: nje ya dirisha kuna grili. Nondo tatu za kusimama. Jua likipiga nyuma zile nondo zinaonekana kwenye kioo kama mistari myeusi, ukiwa umechora bila kuzijua zinapita katikati ya korosho yako, kazi yote inakuwa imefungwa jela. Kwa hiyo nilichora upya kwenye karatasi ya manila kwa ukubwa wa dirisha lenyewe, nikasogeza mistari ya risasi ikae juu ya nondo, nondo zikapotea. Mteja hajui na wala hana haja ya kujua, ila ndo maana fundi anataka aje nyumbani, hajaja kunywa chai yako.

Na aje asubuhi na jioni. Mlango wa bibi unatazama mashariki, asubuhi jua linaingia moja kwa moja mpaka kwenye sakafu ya ukumbi. Bluu kwenye jua la namna hiyo ni shida, inatanuka, inameza rangi za jirani, kwa hiyo bluu nikaipunguza nikaipeleka kwenye pindo, kijani na njano nikazipa nafasi zaidi.

Sasa nyekundu. Kwenye ndoo nzima vipande vyekundu vilikuwa viwili, kimoja kimepasuka vipande vidogo vidogo, kingine kizima, kama sahani ndogo ya kashata. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nyekundu ni chache hivyo. Rangi ya kioo haipakwi, inachanganywa kikiwa bado uji wa moto, bluu inatoka kwenye kobalti, kijani kwenye chuma au shaba, zambarau kwenye manganizi, na nyekundu nzuri inatoka kwenye shaba au, amini usiamini, dhahabu. Na nyekundu ya shaba ni nzito mno, kioo kizima kikiwa chekundu unene wote kinaonekana cheusi, kwa hiyo mafundi wa zamani walichovya kioo cheupe kikapata ngozi nyembamba tu ya wekundu. Ukikishika ukakiangalia kwenye ukingo utaona, unene karibu wote mweupe na mstari mwembamba kama uzi wa damu upande mmoja. Mimi nilikuwa naijua habari hii kwa kusikia, siku ile ndo nikaiona kwa macho yangu, nikaita na majirani waje waone, muuza kahawa akasema mbona kama ukucha uliopakwa hina.

Kuna kanuni moja kwa kioo hiki, unakikata upande mweupe, huugusi upande wenye ngozi. Naijua. Mzee aliniambia. Na kuna kanuni ya pili inahusu vioo vyote, kioo kinapenda mstari ulionyooka na kinavumilia mpindo wa nje, ila mpindo wa ndani kinauchukia. Almasi yetu (tunaita almasi ingawa ni kigurudumu kidogo cha chuma kigumu) haikati kioo, inakikwaruza tu, halafu unakikunja kidogo kinafuata ule mkwaruzo. Kwenye mpindo wa ndani hakifuati, kinakimbilia njia fupi. Unatakiwa ukate mikwaruzo mingi kama magamba ya samaki, moja ndani ya nyingine, unamega na koleo kidogo kidogo mpaka ufike kwenye mstari. Na korosho ya kanga, wasomaji, si mnaijua ilivyo? Pale shingoni inapojikunja. Ule ni mpindo wa ndani kabisa.

Nilimwambia bibi mapema, tupitishe mshono wa risasi pale shingoni, iwe vipande viwili, haitaonekana sana. Aliniangalia kama nimetukana. Korosho gani ina mshono?

Basi nikakata nzima. Na hapa sitamsingizia mtu, siku ile mteja mwingine wa aluminiamu alikuwa ananipigia simu kila dakika kumi, mafuta ya taa ya kuchovyea almasi yalikuwa yameisha nikasema aah, nakata kavu, na kwenye kukigeuza geuza kioo nikakwaruza upande mwekundu. Nilisikia kabla sijaona. Kioo kikikatwa vizuri kinalia kama kitenge kinachanwa, sauti moja, hiki kililia halafu kikanyamaza halafu kikafanya tik. Ufa ukatoka shingoni ukapita katikati mpaka kichwani. Nikakaa kwenye kiti kama dakika kumi bila kufanya kitu.

Nilienda mwenyewe kumwambia, sikupiga simu. Nikamweleza yote, mpaka habari ya mafuta ya taa. Nikamwambia naweza kuunga vile viwili, risasi ifuate ufa, kazi iishe wiki hii. Akanyamaza, akamimina chai, akasema mwanangu mie nimekaa miaka 11 nasubiri ndugu zangu wakubaliane kuhusu ile nyumba, ntashindwa kusubiri kioo? Weka cheupe hapo, chekundu kitakuja.

Ndo nilivyofanya. Na kwa kazi ya risasi hilo linawezekana, ndo uzuri wake. Mkanda wa risasi ukiukata unaona umbo la herufi H iliyolala, kioo kinaingia mdomo wa huku na kingine mdomo wa huku, katikati kuna kiini cha kama milimita moja na nusu. Hicho kiini kimeua mafundi wengi. Ukikisahau kwenye kukata, kila kipande kinazidi kidogo, na pindo la bibi lina vipande 14 kwa upana, zidisha mwenyewe, ukifika mwisho kipande cha kumi na nne hakina pa kukaa. Mikanda yenyewe aliniletea mtoto wa shangazi ambaye ni baharia, ilikuja imekunjwa kwenye begi kama nyoka, kabla ya kuitumia naibana upande mmoja kwenye jiliwa na upande wa pili naivuta kwa koleo kwa uzito wa mwili wangu mpaka inyooke na kukaza. Kwenye kila makutano unachomelea na waya ule ule wa mafundi redio, wenye bati (bati madini, sio mabati ya kuezekea) na risasi, huo unayeyuka kwenye nyuzi 190 hivi wakati risasi tupu inasubiri mpaka 327, kwa hiyo pasi ya kuchomelea ikiwa na moto wa kiasi unayeyusha waya na mkanda unabaki, ikizidi moto unatoboa mkanda na kuanza upya.

Na jamani, watoto wasikae hapo. Risasi ni sumu, kwa watoto inaharibu akili kabisa, mimi siku ya kazi hiyo nafunga mlango, sili kitu mezani hata karanga, na mikono naosha kwa sabuni kabla sijagusa kikombe. Nawaona vijana wanaoyeyusha risasi za betri za magari uani nyumbani huku watoto wanacheza pembeni, roho inaniuma.

Mwisho unasokota uji mzito wa unga wa chaki, mafuta ya linsidi na masizi kidogo ya koroboi uwe mweusi, unausugua kwa brashi uingie chini ya midomo ya risasi pande zote mbili, hapo ndo dirisha linaacha kutikisika na maji hayapiti. Unalilaza siku kadhaa. Pale kwenye korosho sikujaza uji kabisa, niliweka kioo cheupe cha maua kile cha bafuni, nikaacha mdomo wa risasi laini, siku chekundu kikipatikana naukunjua kwa kisu cha mbao, natoa cheupe, naingiza chekundu, narudisha. Nusu saa.

Tumeliweka. Nondo za kushikilia nimetumia za shaba njano, sio chuma, maana upepo wa bahari hapa kwetu unakula chuma mpaka unaona huruma. Asubuhi pindo linaanguka sakafuni, bluu kijani njano, linatembea polepole mpaka mlango wa jikoni, na katikati kuna doa jeupe lenye umbo la korosho. Wajukuu wanapita wanalirukia.

Wakati natafuta chekundu nimekutana na mambo mawili yaliyonifanya nishike kalamu. La kwanza ni stika. Kuna watu wanauziwa "kioo cha rangi" kwa bei ya juu, kumbe ni kioo cheupe kimebandikwa plastiki. Sisemi stika ni dhambi, kama umeambiwa ni stika na umelipa bei ya stika sawa. Ila pitisha ukucha kwenye kona, ikinyanyuka umepigwa. Nimeletewa vyekundu vinne hadi leo, vitatu ni stika na kimoja ni taa ya nyuma ya gari, mleta alikuwa na nia njema tu.

La pili ndo kubwa. Kila nilipoulizia nyumba za zamani mjini naambiwa aah fundi, vilikuwepo, tumetoa mwaka jana tukaweka aluminiamu, vile tulitupa. Vimetupwa wapi? Kwenye kifusi. Vimejazia shimo. Mtu mmoja kaniambia alivitumia kuweka juu ya ukuta wa uzio wezi wasiruke, na nikaenda kuangalia, kweli, vioo vya bluu vya miaka mia vimesimikwa kwenye saruji na ncha juu. Wenzetu Unguja ile zahanati ya zamani aliyoianzisha mfanyabiashara Tharia Topan, iliyomalizika 1894, watu wanasafiri kwenda kuipiga picha na vioo vyake vya rangi, sisi tunavijazia mashimo. Nyumba kubomolewa siwezi kuzuia, nyumba ni ya mtu. Ila kabla fundi aluminiamu hajashika nyundo mwambie atoe ile puti kwa kisu, kioo kitoke kizima, hata saa moja haimalizi.

Wengine wananiambia vioo vya zamani vimeshaharibika, si unaona vimejikunja, chini vinene juu vyembamba, kioo kinatiririka na miaka. Hii habari iko kwenye kila baraza la kahawa na sio kweli. Kioo kikishapoa hakiendi popote. Vya zamani vilitengenezwa hivyo hivyo toka siku ya kwanza, kwa kupulizwa na kukunjuliwa, unene haulingani, fundi akawa anaweka upande mnene popote. Hiki kilichonyooka kama maji kwenye sinia ni cha juzi tu, tangu Waingereza wa kampuni ya Pilkington walipoanza miaka ya 1950 kumwaga kioo juu ya bati iliyoyeyushwa. Yale mawimbi na vipovu mnavyoviona ubovu ndo vinafanya mwanga ucheze, kioo kipya hakiwezi.

Basi ombi langu, Mhariri. Nahitaji chekundu kisichopungua sentimita 16 kwa 11, ili nipate korosho ya 14 kwa 9 na pa kushikia. Hakina haja ya kuwa safi, msikisugue na steel waya, chokaa nitaitoa mwenyewe kwa maji. Kama kina ufa naomba kwanza nipigiwe picha. Akipenda pesa tutaelewana, na bibi kasema atakayekileta anamkaribisha wali wa nazi na samaki siku tutakayokiweka, na hilo nalisimamia mimi. Kwenye kukileta msikilaze bapa kwenye bodaboda, shimo moja tu la barabara kimekwisha, kisimamisheni kwa ukingo, kimefungwa kanga, katikati ya miguu. Na mafuta ya taa safari hii nimenunua lita nzima.

Ukifika Ngamiani uliza fundi anayeshona vioo. Hata watoto siku hizi wananiita hivyo.

Wako,
Fundi vioo,
Ngamiani, Tanga